Mchanga, Metali na Hatua za Matayarisho

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, Karatu)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya kazi yangu, nilimjibu kwamba kazi ya mtumishi wa serikali katika maabara ya maji haina visa vya kumfaa mtu aliyekwisha kula pilau. Akanijibu kwa mstari mmoja tu: "Basi tueleze jambo ulilolijua kwa kukosea." Nimelichukua agizo hilo kama lilivyo. Nitasema habari ya mchanga, habari ya metali, na habari ya makosa yangu mawili. Lakini kwanza inanibidi nianzie pale ng'ambo ya uwanja, katika chumba kile chenye madirisha marefu.

Wale wa rika langu watakumbuka kwamba mwalimu wetu wa Kemia alikuwa akituagiza tulete betri za tochi zilizokufa. Tulizipasua, tukatoa ule unga mweusi, tukauosha na kuuanika juu ya gazeti. Kisha mwalimu alimimina katika gilasi dawa ya kuoshea vidonda, ile inayoitwa haidrojeni peroksidi, akatia unga ule kidogo. Povu likapanda hadi mezani. Akachovya kijiti chenye kaa kwenye hewa ile, nacho kikawaka upya, maana ilikuwa oksijeni. Baadaye aliuchuja unga, akaukausha, akaupima: uzito wake ulikuwa uleule. Akatuambia, "Huyu amefanya kazi yote na hakula hata senti moja. Huyu ndiye kichocheo."

Wiki iliyofuata alifanya jambo lililotushangaza zaidi. Alitwaa kipande kigumu cha unga uleule kilichogandamana, akakitumbukiza katika dawa ileile. Povu likatoka kama la mtu anayenawa uso. Uzito ulikuwa uleule, kitu kilekile, ila umbo lilikuwa jingine. Alituacha na swali lile tukaenda kuteka maji. Mimi nilibeba dumu langu siku ile na swali lile, na nadiriki kusema kwamba mpaka leo sijaliweka chini.

Ndugu Mwenyekiti, habari ya vichocheo ni ya zamani kidogo. Mwaka 1823 Mjerumani mmoja, Döbereiner, alipuliza hewa ya haidrojeni juu ya platinamu laini yenye vinyweleo, nayo ikawaka bila kiberiti. Mwaka 1835 Berzelius wa Sweden akalipa jambo hilo jina. Tangu hapo vichocheo vimeingia katika kila kitu tunachokitumia: mbolea, petroli, dawa, na hata mafuta yaliyogandishwa tuliyopakwa kwenye mkate siku za sikukuu. Vingi kati ya hivyo ni metali: nikeli, kobalti, platinamu, fedha. Nasema madini ya fedha, Ndugu Mweka Hazina, wala si hiyo uliyotutangazia asubuhi kuwa imekwisha.

Sasa, metali hizi ni ghali, na kazi yake hufanyika usoni tu. Atomu iliyofichwa ndani ya kipande haikutani na mtu. Ni kama mfanyakazi aliyefungiwa ghalani. Ukiwa na chembe ya metali yenye upana wa nanomita 10, yaani sehemu 10 za milioni moja za milimita, kiasi cha atomu moja tu katika kila kumi iko usoni. Ukiipunguza chembe hiyo hadi nanomita 2, karibu nusu ya atomu zote zinapata kazi. Kwa hiyo faida iko katika udogo. Lakini chembe ndogo zikiachwa peke yake penye joto hukimbiliana, zikashikamana, zikawa donge. Ndiyo maana wataalamu huzisambaza juu ya kitu kingine kinachostahimili moto na chenye vitundu vingi. Kitu hicho ni mhimili wake, na mmojawapo wa mihimili inayopendwa zaidi ni silika, yaani mchanga uliotayarishwa. Gramu moja ya silika ya maabara huweza kuwa na uso wa mita za mraba 300, ukihesabu kuta za vitundu vyake vyote. Gramu moja na nusu yatosha kufunika uwanja wetu wa mpira wa kikapu, na kidogo ikabaki.

Msidhani silika ni kitu cha kigeni. Huko Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, wale wa kale walichonga zana zao kwa mawe ya aina ya gumegume, ambayo ni silika. Mawe hayo yalitokana na ziwa la magadi lililokuwapo pale. Namna yalivyotokea ilieleweka vizuri baada ya mtaalamu Eugster kueleza mwaka 1967 madini mapya aliyoyakuta Ziwa Magadi la Kenya, yakapewa jina la magadiaiti. Ni silika iliyoshikana na sodiamu na maji. Maji baridi yakiipitia kwa muda mrefu, sodiamu huondoka na gumegume hubaki. Leo maabara za ng'ambo hutengeneza magadiaiti yao wenyewe na kuyatumia kubebea metali. Na katika kutengeneza silika ya kawaida, huchukuliwa silikati ya sodiamu, ile waitayo maji ya kioo, ikatiwa asidi, ikaganda kama uji wa jana, kisha sodiamu ikaoshwa. Ziwa lilifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka. Mtaalamu huifanya kwa siku mbili tatu.

Basi nizieleze hatua zenyewe, maana ndizo kiini cha mazungumzo yangu.

Hatua ya kwanza ni kuosha na kukausha silika. Sodiamu ikisalia ndani, siku ya moto huisaidia silika kulainika, na vitundu vikajifunga. Na hata ikioshwa vizuri, ule ute una maji ndani yake. Maji yakitoka huzivuta kuta za vitundu zikaribiane, kama shati lililoanikwa likajikunja. Anayekausha bila uangalifu hujikuta na silika yenye vitundu vyembamba kuliko alivyokusudia, na hakuna njia ya kuvirudisha.

Hatua ya pili ni kuloweka. Chumvi ya metali huyeyushwa katika maji, na maji hayo hutiwa kwenye silika kwa kiasi kinachotosha kujaza vitundu tu, kama mchuzi unaonywewa wote na ugali usibaki sahanini. Hapa uchachu wa maji una neno. Uso wa silika hauna chaji kwenye pH ya kiasi cha 2. Juu ya hapo huwa na chaji hasi, nao huvuta metali yenye chaji chanya. Kwa hiyo ukiitia platinamu au nikeli pamoja na amonia, metali hushikwa na kuta, ikatulia mahali pake. Ukiitia katika maji machachu mno, metali huelea tu ndani ya vitundu ikingoja kupelekwa popote. Lakini amonia nayo ina mpaka wake. Ikizidi, silika yenyewe huanza kuyeyuka, ikaungana na nikeli kuwa silikati ya nikeli, kitu kigumu kukiamsha baadaye.

Hatua ya tatu ni kukausha baada ya kuloweka. Hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo iliyonitia aibu. Mmekwisha kuona tone la kahawa lililokaukia mezani: katikati ni jeupe, pembeni pana mviringo mweusi. Maji yalikimbilia pale yalipokuwa yakikaukia, yakabeba rangi pamoja nayo. Ndani ya kipunje cha silika ni vivyo hivyo. Maji yanapokauka hutembea, na chumvi isiyoshikwa na ukuta hutembea nayo. Metali yaweza kuishia yote kwenye ganda la nje, au kurundikana sehemu moja na kuacha nyingine tupu.

Baba yangu alikuwa mwanikaji kahawa katika shamba moja huko Oldeani, na jambo hili alilijua bila kusoma Kemia. Kahawa humenywa siku ileile ilipochumwa, ikachachushwa, ikaoshwa, kisha ikaanikwa juu ya vichanja vya waya. Jua la saa sita likiwa kali, baba aliifunika. Wenzake walimcheka kwamba anaficha kahawa isione jua ilhali kazi ni kuikausha. Yeye alisema, "Ikikaushwa kwa pupa, ganda hupasuka na ladha hutoka." Aliigeuza, akaifunika, akaifunua, siku nyingi. Nilikuwa nikimsaidia wakati wa likizo, nami nikamwona mzee mpole asiyejua kwenda na wakati.

Hatua ya nne ni kuunguza, ili chumvi iwe oksidi. Watu wengi hudhani moto ni moto. La hasha. Chumvi ya nikeli inayotumiwa sana ni nitrati. Ikiungua hutoa hewa kali za naitrojeni pamoja na mvuke. Hewa hizo zikisongamana juu ya kitu chenyewe, chembe hukua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 2007 kwamba nitrati ileile, juu ya silika ileile, ikiunguzwa penye hewa ya kawaida hutoa oksidi yenye chembe kubwa. Lakini ikiunguzwa penye oksidi ya naitrojeni kidogo iliyochanganywa na hewa tulivu, chembe hubaki ndogo za nanomita chache tu. Kilichobadilika ni hewa iliyopita juu yake, basi.

Hatua ya tano ni kuondoa oksijeni kwa haidrojeni, ili ibaki metali tupu. Nikeli iliyokaa vizuri hukubali kwenye nyuzi 300 hadi 400 za Sentigredi. Ile iliyokwisha kuwa silikati huhitaji kupita 500. Hapo mtayarishaji hushikwa pande mbili, kwa sababu kila metali ina joto ambalo chembe zake huanza kuhama. Kwa kukadiria, ni nusu ya joto la kuyeyukia, likihesabiwa kwa kipimo cha Kelvini. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, lakini huanza kuhamahama karibu na 340. Ukipunguza moto kazi haijatimia, ukiuzidisha unaiharibu.

Na hata baada ya yote hayo, ukikitoa kichocheo cha nikeli nje ghafla, chembe zake ndogo huweza kushika moto kwa hewa hii tunayoivuta. Hupewa oksijeni kidogo kidogo kwanza, kama mtu aliyefunga siku nyingi anavyopewa uji kabla ya nyama.

Ndugu zangu, sasa nakuja kwenye kosa langu la kwanza. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, mimi na mwenzangu mmoja tulipewa kazi ya kutayarisha nikeli juu ya silika ili igandishe mafuta ya alizeti. Chupa ya chumvi ilikuwa moja, silika ya mfuko mmoja, na kiasi kimoja cha nikeli, asilimia 10 ya uzito. Kila mmoja alitayarisha chake. Maelekezo yalisema: kausha usiku kucha kwa joto la wastani, tandaza iwe tabaka jembamba, kisha unguza polepole.

Jioni ile palikuwa na mpira. Nilijaza bakuli hadi ukingoni, bichi kama lilivyokuwa, nikalitia katika tanuri lililokwisha kupata moto, nikaenda zangu. Asubuhi nikakuta unga wa kijivu, mzuri tu kwa macho. Katika daftari nikaandika: "Ilikaushwa kwa saa 12."

Kichocheo cha mwenzangu kilifanya kazi. Changu kilivuta haidrojeni kidogo sana, na mafuta yakabaki mafuta. Mwalimu wetu alistaajabu. Akapeleka vyote viwili vikapimwe: nikeli ilikuwa sawasawa katika vyote. Akatazama daftari zetu: zilikuwa sawasawa vilevile. Basi akaitilia shaka chupa ya chumvi, akaitilia shaka silika, akaitilia shaka mitungi ya hewa. Alitumia wiki mbili na sehemu ya fungu lake dogo la utafiti kutafuta sababu ambayo mimi niliijua. Sikusema. Nilipata alama za kutosha, nikahitimu, nikavaa joho, na mzee wangu akaja kutoka Oldeani kwa basi akapigwa picha pamoja nami.

Nilijidanganya kwamba ule mstari mmoja haukumdhuru mtu.

Kosa la pili nililifanya nikiwa ofisini. Ilikuwa miaka ya kwanza ya utumishi wangu. Kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kikinywa maji ya bwawa linalotumiwa na ng'ombe. Ikaletwa shehena ya vichujio vya nyumbani vyenye mchanga uliopakwa fedha. Fedha kwa kiasi kidogo huua vijidudu, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi miligramu 0.1 kwa lita huvumilika bila madhara. Aliyetuuzia, ambaye naye sitamtaja, alileta karatasi ya matayarisho: mchanga umeoshwa, umelowekwa, umekaushwa, umechomwa. Nami nilikuwa mkaguzi. Nilipitisha maji machafu kwenye kichujio kimoja siku ya kwanza, nikapima, na vijidudu havikuonekana hata kimoja. Nikatia sahihi.

Baada ya wiki sita hivi mganga wa zahanati ya kijiji alileta taarifa kwamba watoto wanaharisha kama zamani, na zaidi, kwa kuwa akina mama walikuwa wameacha kuchemsha maji. Waliacha kwa sababu waliambiwa na serikali kwamba hakuna haja. Serikali hiyo ilikuwa mimi. Namshukuru Mungu kwamba hatukumzika mtoto, lakini wawili walilazwa, na mmoja nilimwona kwa macho yangu, macho yamezama, hana hata nguvu ya kulia.

Nilichukua mchanga ule nikaupima. Fedha ilikuwa imekwisha. Sikuhitaji kuambiwa sababu. Fedha iliyowekwa kama nitrati na isiyochomwa haijawa metali. Ni chumvi, na chumvi huondoka na maji. Siku ya kwanza ilikuwa ikimwagika kwa wingi, ndiyo maana vijidudu vyote vilikufa, na yumkini tuliwanywesha watu fedha kupita kiasi, maana hilo sikulipima. Majibu yangu mazuri ya siku ya kwanza ndiyo yaliyokuwa dalili ya ugonjwa.

Nilikwenda mpaka kwenye banda walikotengenezea. Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Msimamizi, kijana wa umri wangu, hakunificha. Alisema oda ilichelewa, umeme ulikatika, mchanga wakauanika juani mchana mmoja, wakaufunga jioni. Nikamwuliza, "Na karatasi hii?" Akatazama chini akasema, "Hiyo tuliiandika kama inavyotakiwa iwe."

Ndugu Mwenyekiti, maneno ya kufoka yaliniishia pale pale. Mstari ule niliujua. Niliwahi kuuandika mimi mwenyewe.

Vichujio tulivikusanya vyote. Nilikwenda kijijini, nikasimama chini ya mti mbele ya mkutano, nikaeleza kwamba aliyetia sahihi ni mimi. Bibi mmoja alinijibu, "Mwanangu, sisi tuliamini karatasi yako kwa kuwa hatujui kusoma." Tangu siku ile sipokei mchanga, wala chujio, wala dawa ya maji kwa kuangalia tu ndani mna nini. Nataka kujua kila hatua, ilifanywa saa ngapi, kwa joto gani, na nani aliyekuwapo. Nayapima maji ya siku ya kwanza, ya wiki ya nne na ya mwezi wa tatu. Wenzangu ofisini huniita Bwana Daftari. Naikubali.

Vilevile, nilimwandikia mwalimu wangu wa chuo barua. Ilikuwa imepita miaka mingi. Alinijibu kwa ufupi kwamba anakumbuka vizuri, na kwamba ile chupa ya chumvi nzuri aliitupa.

Nisiwaache na huzuni peke yake, maana njia hiyohiyo wapo walioipita vyema, tena mmoja ni wa hapahapa. Dk. Askwar Hilonga ni mtoto wa kijiji cha Gongali, katika wilaya yetu hii. Alikwenda Korea Kusini kusoma shahada ya uzamivu, na huko, pamoja na wenzake, alishughulikia jambo hili hili ninalolieleza: silika itokanayo na silikati ya sodiamu iliyo rahisi kwa bei, ikibebeshwa fedha au titani, na namna joto la kuchomea linavyobadili vitundu vyake na namna fedha inavyotoka polepole badala ya kumwagika. Alirudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, akaunganisha chujio la mchanga la kawaida na elimu hiyo ya chembe ndogo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, mtu wa kwanza kabisa kuipata, pamoja na paundi 25,000. Kampuni yake aliipa jina la kijiji chake.

Nimesema fedha ndani ya chujio, lakini wenye elimu watanisahihisha kwamba fedha hiyo hufanya kazi kwa kuachia chembe zake majini, wakati kichocheo halisi hakipungui. Ni kweli. Hata hivyo, ngazi wanayoipanda ni moja: osha, loweka, kausha, choma. Na atakayeruka kidato ataanguka palepale.

Kuna mfano mmoja wa hapa petu ninaoupenda. Huko Laetoli, mwaka 1978, kundi la Mama Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, zenye umri wa kiasi cha miaka milioni 3.6. Ilikuwaje zikadumu? Majivu ya volkano yalishuka. Mvua ndogo ikayalowesha. Wale wakapita. Jua likayakausha yakawa magumu. Majivu mengine yakafunika. Mvua ingekuwa kubwa, zingefutika. Ingechelewa, wangekanyaga vumbi. Vitu vilevile, kwa mpango mwingine, na leo tusingekuwa na habari zao.

Ndugu zangu, namalizia kwa ombi. Jana nilipita katika chumba kile chenye madirisha marefu. Mwalimu wa sasa ni kijana hodari, lakini mizani imekufa, jiko la kukaushia halipo, na wanafunzi husoma majaribio kitabuni, kisha huandika majibu yanavyotakiwa yawe. Naomba mlisikie neno hilo vizuri. Tunawafundisha watoto kuandika "ilikaushwa kwa saa 12" bila kukausha kitu. Hawana kosa. Sisi tuliosomeshwa hapa kwa betri za tochi ndio wenye deni.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwaka huu mchango wetu usiende kwenye kupaka rangi lango, uende kwenye mizani moja, tanuri moja dogo, na vifaa vya gilasi vya kutosha kidato kimoja. Mizani nitainunua mimi. Pili, tujenge tangi la kuvuna maji ya mvua la paa la maabara, ili jaribio lisiahirishwe kwa sababu dumu ni tupu. Tatu, kila mwanafunzi apewe daftari la majaribio lenye kurasa zilizopigwa namba, na walimu wakubaliane kwamba atakayeandika "jaribio langu lilishindikana, na hivi ndivyo nilivyofanya" atapata alama zake zote. Hilo la tatu halina gharama, ila nakiri kwamba ndilo gumu zaidi.

Baba yangu alifariki miaka michache iliyopita. Kabla ya hapo nilimweleza habari yote, ya mpira na ya bakuli. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Hukuifunika?" Nikasema sikuifunika. Akatikisa kichwa kama anavyotikisa mtu aliyeona kahawa nzuri imeachwa juani.

Vijana, karibuni mezani mniulize maswali. Ndugu Mweka Hazina, na wewe karibu, uje na kitabu cha risiti.